Kuukuu, kongwe au zilizopendwa? Raba za Kijapani na msamiati wa Gikomba

Muhula huu niliwapa wanafunzi wangu wa tafsiri tangazo fupi la Kiingereza kuhusu raba za kampuni moja ya Japani. Tangazo lilisifu raba zilizotengenezwa juzijuzi kwa umbo la raba walizovaa wanariadha wa miaka ya sitini, ambazo sasa hazikusudiwi kukimbilia bali kuvaliwa mjini na mtu aliyependeza. Kiingereza kilimaliza shughuli hiyo yote kwa maneno manne. Mwanafunzi mmoja, msichana makini kutoka Kitui, akaandika "viatu vikuukuu vya mbio". Vijana wawili wa Eastlands waliokuwa wameketi nyuma, mmoja wa Kayole na mwingine wa Jericho, wakaangua kicheko.

"Prof, kikuukuu ni cha Gikomba," wa Kayole akasema. "Hiyo ya tangazo ni mpya. Ni mpya lakini ni ya kitambo."

Niliwanyamazisha kwa sababu kumcheka mwenzako darasani si adabu. Hata hivyo, kijana alikuwa amegusa jambo ambalo kamusi zetu hulipitia juujuu. Aliyekulia kando ya Barabara ya Jogoo anajua kwamba kati ya "kuukuu" na "ya kitambo" kuna pengo la pesa nyingi, na anayeyachanganya hurudi nyumbani mfuko ukiwa mwepesi na miguu ikiuma. Kwa hivyo leo, msomaji, hebu tununue raba. Tutaingia sokoni na kamusi mkononi tuone ni wapi inatusaidia na ni wapi inatuacha njiani.

Kiswahili hakina ukale wa namna moja. Kitu kinaweza kuwa cha kale kwa sababu kimetumika, kwa sababu kimeishi miaka mingi, au kwa sababu kinatokana na zama nyingine. Kivumishi "-kuukuu" ni cha matumizi: nguo kuukuu imevaliwa ikafuliwa ikavaliwa tena, jembe kuukuu limelima hadi bapa lake likaisha. Ukilipita hapo unafika kwenye "chakavu", ambapo kitu kinakaribia jaa. "-kongwe" ni cha umri, tena umri wenye heshima fulani; ndiyo maana tunasema Mji Mkongwe wa Unguja na mwanasiasa mkongwe, wala hatusemi Mji Mkuukuu. Halafu kuna "-a kale", "-a zamani" na, katika mazungumzo ya Nairobi, "ya kitambo". Haya hayasemi lolote kuhusu hali ya kitu. Yanakitaja tu kwamba ni cha wakati mwingine.

Mtego upo hapo. Gauni la mtindo wa zamani linaweza kuwa lilishonwa jana, na simu iliyotoka mwaka huu inaweza kuwa kuukuu kufikia Desemba ikiwa mwenyewe ni kondakta wa matatu. Raba ya tangazo letu si kuukuu wala si kongwe. Ni mpya, ila umbo lake ni la zamani. Raba nyingi za Gikomba, kinyume chake, ni kuukuu zenye umbo la majuzi. Zipo pia za aina ya tatu, chache na za hatari, ambazo ni za zamani kweli na hazijavaliwa hata mara moja. Hizo tutazirudia.

Kwanza tuijue raba yenyewe. Mwaka 1949, nchi yake ikiwa bado imelala kifudifudi baada ya vita, Kihachiro Onitsuka alianzisha kampuni ya viatu mjini Kobe. Jina lake la ukoo huandikwa kwa herufi mbili ambazo maana yake ni kama "kilima cha zimwi". Akazipa raba zake nembo ya mnyama anayeogopwa Asia nzima, na kampuni ikajulikana kama Onitsuka Tiger. Mnyama huyo hayupo katika pori lolote la Afrika. Hata hivyo Kiswahili kimempa majina mawili, yote ya kuungaunga: "simbamarara" na "chui milia". Jina la kwanza linamweka katika ukoo wa simba, la pili katika ukoo wa chui, na kila moja linaongeza sifa ya ngozi yake. Mimi napendelea "chui milia" katika habari hii kwa sababu ya milia, kama utakavyoona.

Raba ya mwanzo ya Onitsuka ilikuwa ya mpira wa kikapu na haikushika sakafu vizuri. Inasimuliwa kwamba suluhisho alilipata mezani, akila saladi yenye kipande cha pweza. Aliangalia vile vikombe vidogo vilivyo kwenye minyiri ya pweza, vinavyong'ang'ania kitu visikiachie, akaamua soli ya raba yake iwe na vishimo kama vile. Msomaji wa Lamu au Kilifi ambaye amewahi kumbandua pweza mwambani hahitaji maelezo zaidi.

Raba hizi zinatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa njia nyingine. Mnamo Septemba 1960, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma akikimbia miguu peku. Mwaka uliofuata alikwenda Japani kushiriki marathoni ya Mainichi mjini Osaka. Onitsuka akamwendea na kumsihi avae raba zake, akimwonya, kwa mujibu wa simulizi ya kampuni, kwamba barabara za huko zina vipande vya vioo. Bikila akazivaa, akashinda. (Alipotetea dhahabu yake Tokyo mwaka 1964 alikuwa amevaa Puma, kwa hivyo yeyote anayekuuzia raba kwa hadithi kwamba ndizo zilizoshinda Tokyo, mwambie arudi kusoma.)

Mwaka 1966 ikatoka raba yenye milia inayokatana ubavuni, ikiwa sehemu ya maandalizi ya Olimpiki za Mexico za 1968, zile zile ambazo Naftali Temu aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza. Milia hiyo ndiyo alama ya kampuni hadi leo. Mwaka 1977 Onitsuka iliungana na kampuni nyingine mbili na jina likabadilika kuwa ASICS, yaani herufi za mwanzo za msemo wa Kilatini wenye maana ya roho timamu katika mwili timamu. Jina la Onitsuka Tiger likawekwa kabatini. Lilitolewa tena mwaka 2002, si kwa wakimbiaji bali kwa watu wa mitindo, na mwaka uliofuata filamu ya Kill Bill ilimvisha shujaa wake raba za manjano zenye milia myeusi, ulimwengu ukazitambua. Tangu hapo ASICS hutengeneza raba za kukimbilia, na Onitsuka Tiger hutengeneza raba zinazokumbuka kukimbia. ASICS yenyewe nayo imeingia biashara ya kumbukumbu: imerudisha mitindo yake ya miaka ya tisini, kama ile GEL-Lyte III ya 1990, na vijana wanaipenda kweli.

Sasa tuite nini kitu kama hicho? Darasani yalitolewa mapendekezo kadhaa, mengine ya kuchekesha. "Viatu vya kizamani" likakataliwa mara moja, na kwa haki, kwa kuwa kiambishi "ki-" cha namna kinapoungana na "zamani" huleta dharau. Mtu wa kizamani ni aliyeachwa nyuma. "Raba za kale" likawapeleka wanafunzi kwenye makumbusho. Ndipo yule wa Jericho, ambaye babake ana kaseti nyingi kuliko vitabu, akasema: "Si tuseme tu zilizopendwa?"

Nililipenda pendekezo hilo na bado nalipenda. Sote tunajua muziki wa zilizopendwa. Redio zetu zina vipindi vyake, na Tanzania husema "zilipendwa". Ni kitenzi chenye kirejeshi ambacho kimegeuka kuwa jina: nyimbo ambazo watu walizipenda. Hakisemi nyimbo zimechoka wala hakizihesabii miaka. Kinasema zilipata mapenzi katika wakati wake, na anayekitamka anaashiria kwamba mapenzi hayo bado yapo. Hiyo ndiyo bidhaa hasa ambayo kampuni ya Kobe inauza. Kisarufi nayo hakuna tatizo lolote. "Nyimbo" na "raba" zote ziko katika ngeli ya I-ZI kwa wingi au U-ZI kwa wingi, na kiambishi "zi-" kinakaa sawa: raba zilizopendwa. Ukitaka moja utasema raba iliyopendwa, ingawa nani hununua raba moja?

Profesa mwenzangu wa isimu alinipinga. Alisema wakati uliopita katika "zilizopendwa" unaweza kumfanya msikilizaji adhani hazipendwi tena. Hoja hiyo ni nzuri kwenye karatasi. Sokoni haina nguvu, kwa kuwa matumizi ya muziki yameshaifundisha Afrika Mashariki nzima kusikia neno hilo kwa masikio mengine.

Ipo tofauti ndogo ambayo "zilizopendwa" haiitoi, nayo ni hii: je, ni raba iliyotengenezwa enzi hizo, au ni iliyotengenezwa sasa kwa mfano wa enzi hizo? Katika muziki tunajua. Mwaka 1968 bendi ya Uingereza, The Tremeloes, iliurudia wimbo wa Daudi Kabaka, "Helule Helule", na hakuna aliyechanganya santuri yao na ya Kabaka. Kwa raba ningeazima istilahi za vitabu. Kitabu kina chapa ya kwanza, kisha kina chapa mpya. Maneno ni yale yale, karatasi ni nyingine. Raba ya milia ya 1966 iliyoshonwa majuzi ni chapa mpya. Neno hili linamwambia mnunuzi kweli mbili kwa mkupuo mmoja, kwamba umbo ni la zamani na kwamba mali ni mpya.

Jina la kiatu si jambo dogo, na waliolipia mawakili wanajua. Mwishoni mwa 1962 Mmarekani kijana, Phil Knight, alifika Kobe akaomba kuuza raba za Onitsuka kwao. Mwaka 1964, yeye na aliyekuwa kocha wake, Bill Bowerman, wakaanzisha kampuni ya kuziagiza. Ushirika ukavunjika mwaka 1971, Knight akatoka na chapa yake mwenyewe, Nike, na pande mbili zikaburutana mahakamani kuhusu raba moja ambayo Bowerman alikuwa amechangia kuibuni, Cortez. Kila upande uliruhusiwa kuendelea kuuza raba hiyo, lakini jina likabaki kwa Nike. Wajapani wakaiita yao Corsair. Ukiziona pamoja leo utadhani ni mapacha waliolelewa na shangazi tofauti.

Turudi Eastlands, kwenye swali zito zaidi ambalo Kiswahili kimelijibu vizuri kuliko Kiingereza. Kiingereza kinapotaka kusema raba hii si ya michezo huizungukia kwa neno linalomaanisha mtindo wa maisha. Sisi tuna kauli ya kutendea. Viatu vya kuchezea, vya kukimbilia, vya kupandia mlima, vya kuogea. Kitenzi hupokea kile kiambishi kidogo cha "-i-" au "-e-" na papo hapo tunajua kiatu ni cha kazi gani. Nguo ya kutoka nyumbani umependeza huitwa nguo ya kutokea. Basi raba hizi ni raba za kutokea. Mitaani Umoja na Dandora utasikia "za kutoka", bila kiambishi, na maana ni ile ile.

Sizungumzii unadhifu wa sarufi tu hapa. Jirani yangu mmoja ana mwana wa miaka ishirini na mmoja aliyeamua kujiandaa kwa mbio za kilomita ishirini na moja. Akaenda kutafuta alichokiita "raba za mbio". Mwenye kibanda akampa raba nyembamba zenye milia, safi, za kupendeza macho, akamwambia hizi ndizo za mbio zenyewe, wanariadha walizivaa Olimpiki. Hakusema uongo mkubwa. Umbo lile kweli lilikuwa la mbio, miaka ya sitini. Ila soli yake ni bapa na nyembamba, bila ule mto mnene ambao raba za kukimbilia za sasa huwa nao chini ya kisigino, na kijana alikuwa akikimbia kwenye lami kutoka Donholm hadi mjini na kurudi, siku nne kwa wiki. Wiki ya tatu alikuwa akishuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu ya muundi. Kule kliniki alipewa dawa na mapumziko, na mbio zikampita.

Nilipomuuliza alisema nini pale kibandani, alinijibu, "Niliomba za mbio, mzee. Si ndizo hizo alinipatia?" Kihusishi "za" hapo kimebeba mzigo usio wake. "Raba za mbio" inaweza kumaanisha zilizotokana na mbio, zinazofanana na za mbio, au zinazofaa mbio. "Raba za kukimbilia" haina utata huo. Angeuliza, "Naweza kukimbilia hizi?", muuzaji angelazimika kusema ndiyo au la. Wauzaji wengi wa Gikomba niliowahi kuzungumza nao ni watu wa kweli ukiwauliza swali la moja kwa moja. Mmoja aliwahi kunitazama miguu, akanitazama mvi, akasema, "Mzee wangu, hii si ya kukimbia. Hii ni ya kwenda nayo harusi." Niliinunua.

Gikomba yenyewe ni shule ya msamiati. Chukua neno "mtumba". Kamusi ya Johnson ya 1939 inalieleza kuwa furushi au mzigo, hasa wa nguo, unaobebwa na mpagazi. Ni neno la misafara. Leo mzigo umesahaulika na jina limehamia kwenye kilichomo ndani yake: hii ni mtumba, wasema, wakimaanisha shati moja lililoning'inizwa. Na umbali mfupi kutoka Gikomba kuna soko la Kariokor, ambalo jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili hiyo hiyo. Kwa hivyo jina la mzigo liko Gikomba na jina la waliobeba liko Kariokor. Hapo hapo Kariokor mafundi hukata tairi za magari wakatengeneza akala, viatu ambavyo havijawahi kuhitaji tangazo la mtu yeyote.

Mzigo wa raba unapofunguliwa, bidhaa hupangwa kwa daraja, na kila daraja lina jina. Zilizo bora kabisa ni "kamera". Hizi hunyakuliwa alfajiri na wauzaji wengine wanaokwenda kuziuza kwa bei ya juu katika vibanda vya mitaani na madukani katikati ya jiji. Za mwisho kabisa, zilizobaki baada ya kila mtu kuchagua, ni "fagia", na neno hilo limetoka kwa ufagio waziwazi. Mwanafunzi wangu akiandika "kamera" kwa maana hiyo katika insha ya mtihani, msahihishaji atampigia mstari mwekundu. Mimi ningempa alama. Chege Githiora, katika kitabu chake cha 2018 kuhusu Sheng, anaichukulia lugha hiyo ya Nairobi kuwa lahaja ya Kiswahili inayokua, wala si uchafu unaokinajisi. Istilahi za biashara ya mitumba zinaunga mkono mtazamo wake. Zina mfumo, zina mpaka wa maana, na maelfu ya watu hupata riziki kwa kuelewana kwazo.

Hata majina ya kiatu chenyewe yana safari zake. "Njumu" katika Kiswahili cha kale ni urembo wa madini unaochomekwa kwenye mbao au mpini. Wanahabari wetu wa michezo wakalitumia kwa viatu vya soka, nadhani kwa sababu ya vile vijino vilivyochomekwa kwenye soli, na ndiyo maana mchezaji anayestaafu Kenya huangika njumu wakati mwenzake wa Tanzania anatundika daluga. Eastlands wameliongeza hatua nyingine: njumu ni raba yoyote nzuri. "Ndula" nayo ni kiatu chochote. "Raba" ikabaki katikati, ikieleweka na nyanya na mjukuu.

Nilisema kuna aina ya tatu, raba za zamani kweli ambazo hazijavaliwa. Mara mojamoja hutokea katika mzigo pea moja ya miaka ya tisini, safi, soli haijagusa ardhi. Macho yanasema kamera. Bei inapandishwa. Tatizo ni kwamba raba nyingi za enzi hizo zina povu la poliyurethani katikati ya soli, na povu hilo huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa ndani ya sanduku. Mtu akivaa na kutembea kutoka Gikomba hadi Burma, soli inamong'onyoka kama keki kavu na kubaki njiani vipandevipande. Kiatu hicho si kuukuu maana hakijatumika. Ni kikongwe. Anayejua tofauti hiyo ataibonyeza soli kwa kidole gumba na kuikunja kiatu katikati kabla ya kutoa shilingi. Ikibonyea na kurudi, heri. Ikipasuka nyufa au kuacha unga kidoleni, mrudishie mwenyewe kwa upole. Na raba ikiwa ni chapa mpya, swali hili kwa kawaida haliji kabisa. Faida yake kubwa ni hiyo, hata kwa anayeona bei yake ni ya kijinga.

Mafundi wetu wa viatu wanaweza kufanya mengi. Soli iliyobanduka hupakwa gundi na kushonwa kwa uzi mnene kuzunguka, na watu wengi wa mitaa yetu huishona hata raba mpya siku ile ile ya kuinunua. Povu lililooza halishoneki.

Limebaki suala la uigaji, na hapa ninawaomba waandishi wa habari wanisaidie. Tunayo maneno manne tunayoyatumia ovyo: bandia, ghushi, feki na kopi. "Bandia" asili yake ni mwanasesere, kitu kinachochukua nafasi ya kingine bila kumhadaa mtu. Meno ya bandia na mguu wa bandia havimdanganyi yeyote, na mwenye navyo si mhalifu. "Kughushi" ni kutia udanganyifu: kughushi sahihi, kughushi cheti. Kenya imekuwa na sheria mahususi dhidi ya bidhaa ghushi tangu 2008, na "ghushi" ndilo neno linalofaa pale kwa kuwa nia ya kuhadaa imo ndani yake. "Feki" ni la mitaani, linabeba maana zote mbili na hasira juu yake. "Kopi" ni la mwuzaji mkweli. Anayekuambia, "Hii ni kopi, mkubwa, ndio maana bei iko chini," amekupa nafasi ya kuamua. Raba ile ile mikononi mwa anayeapa kwamba imetoka Kobe ni ghushi. Kiatu hakijabadilika. Kilichobadilika ni sentensi.

Kwa chapa mpya kuna kichekesho ambacho wanafunzi walikifurahia: kampuni inayotoa tena raba yake ya 1966 inajiiga yenyewe. Je, ni kopi? Nilisema hapana, kwa sababu mwandishi akichapisha upya kitabu chake hatumshtaki kwa wizi.

Ukitaka kuitambua ya kweli, anza na ulimi. Kiatu nacho kina ulimi, kile kipande kinacholala chini ya kamba. (Walimu wengi husisitiza "gidamu" kwa kamba za viatu. Sibishani nao, ijapokuwa gidamu kwa asili ni ule ukanda wa ndara unaopita kati ya vidole.) Ile GEL-Lyte III ya 1990 inajulikana kwa ulimi uliopasuliwa katikati, vipande viwili vinavyokutana juu ya mguu. Waigaji wavivu huuacha ukiwa mzima. Kisha soma lebo, ambayo kwa kawaida imeshonwa ndani ya kiatu au chini ya ulimi huo. Utakuta mahali ilipotengenezwa, namba ya mtindo, na vipimo vya nchi mbalimbali vikiwa vimepangwa kwa safu.

Vipimo hivyo vimewakosesha watu raba nzuri. Raba zilizouzwa kwanza ndani ya Japani, kisha zikaja kwetu kama mitumba, huenda zikawa na namba moja tu. Nimemshuhudia mama mmoja pale Gikomba akiinua pea safi ya chui milia, akaona 27, akairudisha kwenye lundo. "Hii ni ya mtoto," akamwambia mwanawe aliyesimama karibu, mrefu kama mlingoti. Katika vipimo vya Ulaya ambavyo tumevizoea, 27 kweli ni ya mtoto wa chekechea. Wajapani hawahesabu hivyo. Wao huandika urefu wa mguu kwa sentimita, na mguu wa sentimita 27 huingia kwenye kiatu ambacho sisi tungekiita 42 au 43. Nilimwambia mama hivyo. Kijana akavua ndara zake papo hapo, akajaribu, zikamkaa.

"Bei gani?" mama akauliza.

Mwenye kibanda, ambaye alikuwa amesikia kila kitu, akanitazama kwa jicho la mtu aliyeharibiwa biashara, kisha akaitaja.